Yasmini ya Dirishani

Wengine hupewa sauti, wengine miguu ya mbio. Dobi alipewa mkono. Chochote alichokichomeka ardhini kilishika. Majirani walimtania kwamba akisahau ufagio uwani, asubuhi ataukuta umechipua. Wakisafiri walimwachia vyungu vyao vya maua, na wakirudi walivikuta vimenawiri kuliko wenyewe. Ukimwuliza siri, alikujibu huku pasi yake ikienda na kurudi, "Siri gani? Usiubughudhi mmea. Maji mengi huua kuliko kiu."

Basi mtu huyohuyo akashindwa na yasmini moja.

Ilikuwa ya mama yake, kwenye kopo la rangi, dirishani mwa chumba alichougulia. Neno la mwisho la mama lilikuwa, "Mwanangu, hii usiniulie." Tangu mazishi ilikuwa ikigeuka manjano, jani baada ya jani. Dobi akabadilisha udongo, akaisogeza penye mwanga, wapi! Wenye ndimi kali wakasema mkono umemkimbia, tena msiba wenyewe haukumgusa, maana hakuna aliyeona chozi lake. Wambea, lakini kwa chozi hawakukosea. Dobi hakusikia uchungu, wala njaa, wala kiu. Alinyoosha mashati ya watu, akalala, akaamka, akanyoosha mengine.

Siku moja mdogo wake akaja kumjulia hali. Huyu alikuwa balaa kwa kila chenye mizizi, na mwenyewe hakukana. Mchana, katikati ya mazungumzo, Dobi akainuka, akajaza maji kikombe cha bati, akaingia chumbani kwa mama. Mdogo wake akamfuata, akamkuta anayamimina yote koponi.

"Dada, si umeimwagilia asubuhi?"

"Leo? Bado."

"Nimekuona kwa macho yangu. Na hicho si kikombe cha Mama cha kunywea dawa?"

Dobi akakitazama. Akachovya kidole koponi. Tope tupu, linanuka mizizi iliyooza. Asubuhi, mchana, jioni: saa za dawa. Kichwa kilikuwa kimeshazika, miguu haikuambiwa.

"Nimeiua mwenyewe," akasema, kama anayetaja bei ya kufua shuka.

Mdogo wake akakata kijiti kilichobaki na ubichi. "Hiki nakwenda kukipanda mimi."

"Wewe? Wewe unayeua hata magugu?"

"Mimi. Njoo unifokee kila siku ukitaka. Maji usishike."

Akaondoka na kijiti, na kopo akalibeba.

Jioni ilipofika, Dobi akajikuta amesimama mlangoni mwa chumba, kikombe kimejaa. Kitandani hapakuwa na mtu. Dirishani hapakuwa na kitu. Alisimama hapo muda mrefu, hajui ayapeleke wapi maji yale. Mwishowe akayanywa yeye, yote, bila kupumua, ndipo alipojua kwamba alikuwa na kiu.