Salamu za Papa kwa Mama Muganga

Papa, baba yangu, alikuwa ameacha sigara mara mbili, na mara mbili akairudilia. Alipotaka kuacha mara ya tatu, kifua kilikuwa kinapiga filimbi akipanda ngazi tatu tu za kanisa. Mama muganga wa kituo cha afya, hapa Mbunya, akamuandika kati ya watu wake wa telefone, wale anaowasaidia kuacha sigara kwa meseji. Sheria ilikuwa moja: hamu ikikuja, kabla ya kuwasha, tuma meseji.

Macho ya Papa hayaoni herufi ndogo, basi mimi binti yake ndiye niliyekuwa naandika. Nilikuwa naota siku ya harusi yangu, Papa akinisindikiza mpaka mbele bila kusimama kupumua.

Siku moja, mu karakana ya Papa ya useremala, muteja aliyekuja kuchukua kabati alisahau pakiti ya sigara juu ya meza ya kazi. Niliacha kupiga musasa. Papa alikuwa ameshatoa moja, anaizungusha katika vidole vyenye gundi.

"Andika," akasema. "Mbio."

"Niandike nini, Papa? Kwamba sigara iko mu mukono?"

"Weye mutoto, adabu iko wapi? Mutu anaingia kwa watu bila hodi? Andika kwanza: mama, umeamuka?"

Nikaandika. Jibu likaja palepale: ameamuka vizuri, na papa je? Papa akataka kujua kama batoto wake wameenda masomo. Wameenda, isipokuwa wa mwisho, jino linamuuma. Papa akasikitika, akaniamuru niulize ni la juu ao la chini. La chini. Kisha muganga akauliza hali ya mama yangu, akauliza mihogo yetu, akauliza kile kitanda cha maharusi Papa alichotengenezea muteja kama rangi imekauka. Nilitaka kulia. Huyu mama hajui kama nyumba inaungua?

Alikuwa anajua. Mwisho akaandika: "Sasa papa, ile hamu ingali iko? Inapitaka mbio, njo maana nimekuuliza habari za nyumba yote."

Nikamusomea. Papa akatazama mukono wake. Sigara ilikuwa imevunjika katikati, tumbako imemwagika juu ya maranda, naye hakuwa ameona. Akacheka mpaka akakohoa, akanisukumia pakiti: "Utamurudishia yule muteja."

Nilimupenda yule mama ambaye sijawahi kuona sura yake. Na Papa nikamupenda zaidi, mutu muzima, vumbi mu ndevu, anayepigana vita yake kwa adabu namna ile.

"Sasa nimujibu nini?"

"Ngojea kwanza. Bwana yake ameamuka namna gani, uliuliza?"

"Hapana, Papa."

"Unaona! Andika."