Jirani Aliyeniita Clype Mbele ya Jengo Zima

"Clype! Clype mkubwa wewe, Morag!"

Netta kasimama ngazini, mikono kiunoni. Milango ya jengo zima ikafunguka.

"Nimemchongea nani mimi?"

"Watu wa ofisi ya nyumba wamemchukua mbwa wangu! Nani mwingine alijua namfuga bila ruhusa? Wewe na umbea wako!"

Umbea ninao, sikatai. Jikoni kwangu ni chai na stori kutwa nzima, viti havitoshi.

Ila hapa Glasgow, umbea ni mchezo. Clype ni mtu anayepeleka maneno kwa wakubwa. Mtoto akimsemea mwenzake kwa mwalimu, anazomewa hivyo, kesho yameisha. Mtu mzima akibandikwa hilo jina, kwisha habari yake.

Wiki ile hakuja mtu kwangu. Hata Jessie wa ghorofa ya chini, mnywaji wangu wa chai miaka kumi na moja, akapita kama hanijui.

Nikasema poa. Si mmeniita clype? Basi ngoja niwe.

Netta kamweka dada yake chumba cha nyuma, mkataba hauruhusu. Jumatatu nikavaa koti, moja kwa moja ofisi ya nyumba, nikamlipue.

Mbele yangu kwenye foleni, nani? Archie, mume wa Netta! Anamuuliza karani:

"Yule mbwa niliyemripoti, harudi tena, eti?"

Alipogeuka tukagongana macho. Akawa mweupe kama unga.

"Morag, dada yangu, yule mbwa alikuwa analala upande wangu wa kitanda! Miaka mitatu nalala kwenye kochi. Usiniseme, tafadhali."

"Sikusemi. Mimi si clype. Utajisema mwenyewe."

Nikatoka kwenye foleni, la dada wa Netta nikalimeza.

Kwetu ngazi zinaoshwa kwa zamu. Kadi ikitundikwa kwenye kitasa chako, wiki hiyo ni wewe na brashi. Niliporudi, niliikuta kwangu. Nikaitia mkononi mwa Archie.

"Utaosha kila asubuhi, watu wakipita, hadi umwambie mkeo. Ukigoma, nitamwambia akuulize Jumatatu ulikuwa wapi."

Nikatoa kiti mlangoni, kikombe mkononi.

"Archie, kona ile bado."

Raha yake, jamani!

Siku ya nne Netta akatokea.

"Wewe nyumbani hujawahi kuosha hata kijiko! Huyu clype kakupa nini?"

Archie akanitazama. Nikapuliza chai. Akanitazama tena. Nikanywa.

"Netta... mbwa nilimripoti mimi."

Jengo zima lilisikia. Jessie akafika juu na taulo kichwani.

Netta akainua ndoo, maji machafu yote yakamshukia Archie kichwani. Nami nikamsogezea brashi, ajisugue.

Nilichojifunza: mtu akikuchafulia jina, usikimbilie kulisafisha wewe. Mtafute mwenye uchafu, mpe brashi.

Netta akafuta mikono kwenye aproni. Hakuniangalia usoni.

"Shoga, nimepika nyama ya kusaga na viazi. Sahani ya Archie leo haina mwenyewe. Ingia tule."