Misumeno Mitatu Isiyorudi Kunolewa

Mjomba wangu hakuwahi kukaa mezani bila kwanza kuinama, kufumba jicho la kushoto na kuchungulia ukingo wa meza kwa jicho la kulia, aone kama umenyooka. Alifanya hivyo kwa kila kitu chenye ukingo: rula yangu ya shule, mti wa ufagio, soli ya kiatu kipya, fremu ya mlango wa watu waliotukaribisha kwao. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba siku ya kumposa alimchungulia yeye pia, akaridhika kuwa hana kombo. Maseremala walimwita Mzee Rula. Hata jicho lile la kulia lilipokufa, aliendelea kuinama na kufumba la kushoto, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kazi yake ilikuwa kununua misumeno ya mkono iliyochakaa, kuisugua kutu, kuinoa na kuwauzia mafundi. Misumeno ya siku hizi, alisema, hunolewa mara moja tu, kiwandani, ikichoka, unatupa. Ya zamani ilikuwa ya mtu na wanawe. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda soko la vitu chakavu, mahali ambapo vyuma humwagwa juu ya maturubai, na tangu nikiwa na miaka kumi nilikwenda naye kila nilipoweza. Nimekuwa mwalimu, nimeolewa, nimeachika, na Jumamosi zangu zimebaki kuwa zake.

Alinifundisha kwa mpangilio ambao haukubadilika. Kwanza unaugonga msumeno kwa ukucha na kusikiliza: chuma kizima huimba na kuchelewa kunyamaza, chenye ufa hukohoa. Kisha unaukunja taratibu mpaka ncha ikaribie mpini, unauachia, uone kama unarudi wenyewe. Unapapasa mpini, maana mpini uliolika kwa kidole gumba unakuambia kuwa mwenye nao aliupenda. Mwisho kabisa unauinua kwenye mwanga na kuchungulia mstari wa meno kutoka mpini hadi ncha. Hilo la mwisho ndilo lililobeba yote. Msumeno uliopinda, hata kwa unene wa ukucha, huimba vizuri tu na hunolewa vizuri tu, ila ukiingia kwenye ubao unatembea, haufuati mstari. Kidole hakiwezi kuona hilo.

Mwaka mmoja daktari alimwambia kwamba presha ya macho imekwisha kula jicho la kulia, na la kushoto limebakiwa na mwanga wa kuvukia barabara tu. Kilichopotea hakirudi. Tukiwa bado kwenye korido ya hospitali alinikataza kumwambia mtu yeyote. Wakiuliza, alisema, niseme ni mtoto wa jicho, kwa sababu huyo hutolewa na mtu akapona.

"Waambie sikuzaa ujanani, nimezaa uzeeni," alisema, akacheka peke yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda sokoni kama kawaida. Mama Vyuma, muuzaji aliyekuwa akitaniana naye kwa miaka ishirini, alimtupia msumeno mrefu na kumwambia aupokee, ni mzee mwenzake, wote wawili wamebakiwa na meno machache. Mjomba akamjibu kwamba yake walau ni ya kwake mwenyewe, si ya kuvaa. Aliugonga, akaukunja, akapapasa mpini. Kisha akauinua kwenye mwanga, akafumba jicho la kushoto, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. "Huu ni mzima," alisema, akanipa niubebe.

Niliuchungulia nikiwa nyuma yake. Karibu na ncha, mstari wa meno ulikwepa upande kama njia inayokwepa jiwe.

Sikusema. Mama Vyuma alikuwa pale anasikia, wateja wengine walikuwa pale, na hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha mjomba wangu kuhusu msumeno. Nilijiambia nitamwambia nyumbani. Nyumbani nilimkuta anausugua huku anaimba, nikajiambia kesho. Jumamosi ya pili alinunua mwingine uliopinda, na ya tatu mwingine tena, na kila kimya kilifanya kinachofuata kiwe rahisi. Nilikiita heshima.

Yote mitatu aliinoa kwa tupa, kwa kupapasa jino baada ya jino, na ilikuwa mikali kama wembe. Yote mitatu ilichukuliwa na Fundi Viti, seremala aliyenunua kwake tangu alipokuwa anajifunza kazi.

Katika karakana yenye shughuli, msumeno humrudia mnoaji baada ya wiki sita au saba. Mjomba alizijua wiki hizo kama mkulima anavyojua mvua. Wiki ya nane ikapita, ya kumi ikapita. Akaanza kununa. Aliamini kuwa Fundi Viti amepata mnoaji mwingine, kijana labda, mwenye mashine ya umeme, na mtu uliyemlea akikukimbia ni bora akuambie usoni. Jumapili moja mchana akavaa koti, akaniambia nimpeleke.

Fundi Viti alikuwa anapaka gundi miguu ya stuli. Alimwamkia mjomba, akafuta kiti kwa kitambaa, akaulizia afya, akaulizia mtoto wa jicho. Mjomba hakukaa. Aliniomba nimfikishe kwenye ukuta wa zana, akaanza kupapasa mipini mmoja mmoja mpaka akafika kwa watoto wake, ile misumeno mitatu. Alipitisha kidole gumba kwenye meno ya wa kwanza, akanusa kidole. Mafuta aliyopaka mwenyewe yalikuwa bado yapo. Wa pili hivyo hivyo. Kwenye wa tatu alisimama tu.

"Hujakata nao hata ubao mmoja," alisema.

"Nilikuwa nimeuhifadhi, mzee."

"Unamhifadhia nani?"

Fundi Viti alinitazama mimi, nami nikatazama maranda sakafuni.

"Unatembea?" mjomba aliuliza.

"Kidogo. Unakwenda kulia kidogo."

"Yote mitatu?"

"Yote mitatu, baba."

Nadhani lile neno baba ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu lilisema wazi kwamba mafundi wamekuwa wakimbeba. Alimshukuru Fundi Viti kwa adabu kamili, akamtaka aishushe misumeno ile, akaniambia niifunge kwenye gunia. Hakuruhusu mtu mwingine aibebe. Tulitembea, gunia begani kwake, mkono wake mwingine juu ya kiwiko changu, mitaa miwili mizima.

Kisha akaniuliza kama niliona. Nikasema niliona. Akauliza, tangu wa kwanza? Nikasema ndiyo, tangu wa kwanza.

Nilingoja anifokee. Ingekuwa nafuu. Aliendelea kutembea, akihesabu kona kwa mguu kama alivyozoea, na uso wake haukuwa wa hasira bali wa mtu aliyekuwa akizungumza chumbani kwa muda mrefu ndipo akagundua kwamba wote walitoka. Alikuwa na ukuta mmoja wa kuegemea duniani, na ukuta huo ulikuwa mimi.

Alifariki Alhamisi ya wiki ileile, usingizini. Watu walisema ni kifo chema, na maseremala walikuja wengi kuliko ndugu. Fundi Viti alitengeneza jeneza mwenyewe, kila kiungo kimenyooka. Nilishikwa mikono, nikaambiwa nilimtunza vizuri, nikaitikia.

Lakini Jumapili ile, tulipofika kwake, alitua gunia mlangoni, akatafuta tundu la ufunguo kwa kidole, akafungua. Nilitaka kuingia naye, akasema atapumzika. Alisimama kizingitini akiwa amenigeuzia mgongo.

"Jumamosi uje mapema, mama," alisema. "Na safari hii ukiona, uniambie."