Dari ya Shangazi na Msimu wa Senene

Kwa miaka mingi niliamini, kama ninavyoamini kwamba Jumapili hufuata Jumamosi, kuwa lipu ya dari haishiki katika nyumba ambayo mwanamke anakula senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Imani hiyo niliipata kwa fundi mmoja wa Bukoba mjini, aliyeapa ameona dari tatu zikishuka kwa sababu hiyo. Zamani kwetu wanawake waliwakamata senene, wakawanyonyoa, wakawakaanga, halafu wakaliwa na wanaume peke yao. Siku hizi kila mtu anatafuna. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne cha masomo ya jioni, fizikia yote nimeisoma nikisinzia, niliona jambo hilo lina mantiki kabisa.

Shangazi yangu wa Kamachumu alikuwa na sebule yenye dari ya zege. Marehemu mumewe alilimwaga zege lile akitarajia ghorofa. Ghorofa haikuja, dari ikabaki, ikapakwa rangi ya mafuta mara nyingi mno, hata nadhani rangi ndiyo iliyokuwa ikishikilia nyumba. Sasa binti yake alikuwa anachumbiwa. Baada ya wiki tatu wakwe wangefika kutoka Buganguzi, na Shangazi alitaka wakae chini ya dari nyeupe isiyo na nyufa; kazi akanipa mimi, fundi wa lipu.

"Mkwe akiangukiwa na kipande kimoja tu," aliniambia, "uchumba umekwisha, na wewe umekwisha."

Nikapiga lipu. Siku ya pili ikashuka kwa kishindo ambacho bila shaka kilisikika hadi Nshambya, kule Bukoba mjini. Nikapiga tena, safari hii na saruji ya kutosha kujenga daraja. Ikashuka tena, ikavunja mkono wa kochi.

"Shangazi, samahani," nikamwuliza, "wewe unakula senene?"

Alikuwa na bakuli mapajani. "Unaona natafuna nini, misumari?"

"Basi ndiyo sababu." Nikamweleza yote, kwa upole wa daktari.

Akaliweka bakuli chini. "Miaka yote ile ya kwenda shule jioni, haya ndiyo uliyorudi nayo?"

"Haya ni ya ufundi, Shangazi. Hayamo vitabuni."

Akainama, akaokota kipande cha lipu sakafuni, akakigeuza. Mgongoni kilikuwa na ngozi ya rangi ya bluu, laini kama sahani. Akaikwaruza ngozi ile kwa ukucha.

"Sikiliza, waitu, mwenzetu," akasema. "Mimi naacha senene mpaka wakwe waondoke. Na wewe unakwangua rangi yote ya dari hii mpaka nione zege. Hutaki, namwita fundi wa Muleba."

Hilo la fundi wa Muleba lilinichoma. Nikaapa dari ile itashika hata kama itabidi niibebe mgongoni siku nzima ya wageni.

Nikatoa makochi, nikajifunga kitambaa puani, nikapanda jukwaa. Kwanza niligonga dari yote kwa mpini wa nyundo. Palipolia kama debe tupu nikabomoa. Kisha nikakwangua. Chini ya bluu kulikuwa na kijani, chini ya kijani krimu, chini ya krimu masizi ya taa za mafuta za tangu nyumba ilipojengwa. Nikayasugua kwa maji ya sabuni, nikasuuza, nikasugua tena kwa brashi ya waya. Halafu nikashika patasi, nikalidonoa zege lote, tundu kwa tundu, ili lipu ipate pa kung'ang'ania. Matundu yalikuwa milioni moja, sipunguzi hata moja. Shingo ilikakamaa hivi kwamba Jumapili kanisani nilitazama mbinguni ibada nzima, na mama mmoja akanisifu kwa kumcha Mungu.

Zege lilipokuwa safi, nikalilowesha, nikalirushia rojo la saruji na mchanga, nikaliacha likauke hadi likakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ndipo nikapiga lipu, nyembamba, mara mbili, na kila asubuhi nikainyunyizia maji isikauke kwa pupa.

Wakwe wakaja, watu kumi na wawili. Waliimba, wakapiga vigelegele, mzee mmoja akagonga meza kwa furaha nami nikafumba macho. Halikudondoka hata vumbi. Posa ikapokelewa. Nilipofumbua macho, nikaanza kumweleza mshenga siri ya kazi yangu.

"Ni nidhamu ya Shangazi," nikamwambia. "Tangu nianze kukwangua hajagusa senene."

Shangazi alikuwa anapita na sahani ya ndizi. Akasimama.

"Nani hajagusa? Nilikuwa nawala kila siku jikoni, wewe ukiwa huko juu unakwangua." Akaiweka sahani mbele ya mshenga. "Lipu ilianguka kwa sababu uliipiga juu ya rangi ya mafuta. Haikushika zege."