Nilivyompeleka Mama Mkwe Kumwona Mgonjwa

Haya nayasimulia nimeinamisha uso, na kama kuna mtu wa Mwembesongo kati yenu basi azibe masikio, ingawa najua mtaa mzima uliyasikia siku ileile kabla ya magharibi.

Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa mlevi wa kujificha, chupa ndogo ndani ya droo chini ya mabaki ya vitambaa, maana mimi ni Muislamu, mtoto wa watu, na asubuhi mikono ilitetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano mpaka nipate funda moja. Siku nilipojishona kidole (sindano iliingia huku ikatokea kule, nisisikie maumivu, na hilo ndilo lililonitisha), mteja wangu mmoja, mwalimu, akaninong'oneza kwamba kila Jumamosi alasiri kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanakutana chumba cha nyuma cha zahanati moja kule Kihonda. "Hata mume wangu alianzia pale," akasema. Nilipomwambia mke wangu Zuhura alilia, akasema nikienda atabaki, nisipokwenda anarudi kwa mama yake Mkuyuni.

Sasa Jumamosi yenyewe nimeoga, nimevaa kanzu, namkuta nani sebuleni? Mama mkwe, ameshuka kutoka Mkuyuni bila taarifa, na begi lake na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umependeza, unakwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema nakwenda kununua vifungo yangekwisha, lakini mama yule ni swala tano, akinusa tu habari ya pombe anamchukua mwanawe siku hiyohiyo na wajukuu (kwetu Waluguru watoto ni wa upande wa mama, ningebaki na cherehani), na woga ukanifungua mdomo kabla ya akili.

"Nakwenda kumwona mgonjwa, mama."

"Masikini! Anaumwa nini?"

"Ini." (Sijui kwa nini ilinitoka ini, labda ndilo nililokuwa naliogopa mwenyewe.)

"Jamani, ini! Ngoja nijitande, twende wote."

Zuhura alinitazama kutoka jikoni, kanga mdomoni, nisijue analia au anacheka. Mara chupa ya uji imejazwa, mara jirani yetu Mama Rehema (huyo ukimwambia siri ni sawa na kuisoma msikitini kwenye kipaza sauti) kasikia mgonjwa, naye huyo na ushungi wake, tukajibana watatu kwenye bajaji, mimi nikipanga kwamba tukifika nitasema mgonjwa ameruhusiwa.

Nesi wa mlangoni hakunipa hata nafasi. "Hapa hatulazi mtu," akasema. "Labda mnawatafuta wale wa kuacha pombe, piteni nyuma."

Mama mkwe akasimama. "Kumbe mgonjwa wako ni mlevi?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri kidogo. "Hata mlevi ana mama yake. Twende."

Tukaingia. Watu wamekaa duara kwenye viti vya plastiki, wote wakageuka, na mmoja wao ni muuza mkaa wetu. Mzee mmoja mwenye upara, ndiye kiongozi wao, akainuka akapita mbele yangu moja kwa moja hadi kwa mama mkwe, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu mama. Hapa hatumcheki mtu. Ulianza kunywa lini?"

"Heee!" Mama Rehema.

"Mimi?" Mama mkwe akauvuta mkono wake. "Mimi pombe?"

"Wengi huanza kwa kukataa, mama," mzee akasema kwa upole.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, na sitawadanganya, niliutazama. Ningeweza kutoka nimwache bibi wa watu na aibu yangu mabegani. Lakini alikuwa ananitafuta kwa macho nimsemee.

"Sio yeye," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtoto. "Mgonjwa ni mimi, mama. Mlevi ni mimi."

Nikasubiri kofi, nikasubiri kilio. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa, akasikiliza kila mtu mpaka mwisho, hata mimi nilipotaja jina langu na maneno mengine nisiyoyakumbuka.

Njia nzima ya kurudi hakutamka neno. Hata Mama Rehema alinyamaza, ndipo nikajua nimekwisha. Nyumbani akamwita Zuhura ndani, wakafunga mlango, mimi nimebaki uani kama mshitakiwa, nasikia begi linaburutwa sakafuni, nikasema basi, ndoa hiyo imeondoka.

Akatoka mama peke yake. "Begi langu nimeliweka chumba cha watoto," akasema. "Sirudi Mkuyuni mpaka nione mikono yako imetulia."

Bado yupo. Mikono inatulia, siku nyingine haitulii, na kila Jumamosi alasiri ananisindikiza mpaka mlangoni, nami kila nikiufikia mlango ule bado nageuka kutazama njia ya kutokea, kama siku ya kwanza. Ila nimeapa, sitamwambia tena mtu wa Morogoro kwamba nakwenda kumwona mgonjwa. Nawe ukitaka kwenda mahali peke yako, sema unapanda mlimani kulima, uone kama kuna atakayejitanda akufuate.