Kigingi cha Mlingoti

Ukimkuta Wekulo pale mtaa wa Tena, Nairobi, akipiga randa vitanda, hutadhani kwamba mikono ile ililelewa kuunda mashua. Fundi hodari, mdomo mzito. Ukimuuliza habari za ziwa, atakuuliza unataka kitanda cha futi nne au tano.

Kwao ni karibu na mto unaoingia Ziwa Victoria. Baba yake aliunda mashua zenye mlingoti mrefu uliokazwa moja kwa moja, na upepo wa ziwani ulizipandisha mto hadi sokoni. Kisha likajengwa daraja. Jambo jema, magari yakapita. Ila lilikuwa la chini, na mlingoti mrefu haupiti chini ya daraja hata ukiuombea. Wazee wakaikata milingoti, matanga yakawa vitambaa tu, mashua zikatambaa. Wekulo, kijana aliyejiona, akasema mlingoti haukatwi, unalazwa. Akausimamisha kati ya mbao mbili na kuufunga kwa kigingi cha mti. Ukikichomoa kigingi, mlingoti unalala. Ukishapita daraja, unausimamisha tena. Aliujaribu mwezi wa Januari, mashua ikiwa nchi kavu, na kigingi kilitoka kwa vidole viwili. Watu walimpigia makofi. Mashua ya kwanza akampa mdogo wake, Opicho.

Aprili mto ukajaa. Opicho alikuwa akishuka peke yake na mkondo, mlingoti ukagonga daraja, mashua ikapinduka, akafa maji. Ilipoburutwa hadi ukingoni, kigingi kilikuwa bado mahali pake. Basi watu wakakata shauri: mtu mzima anashindwaje kuchomoa kigingi? Alikuwa amelewa. Opicho alijulikana kwa kupenda chupa, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Wekulo ndiye aliyekitoa kigingi kile, tena kwa nyundo. Mti ulikuwa umefura kwa maji ukabana. Kabla hajakigusa, kichwa cha kigingi kilikuwa tayari kimepondekapondeka. Opicho alikigonga kwa mpini wa kasia mpaka mwisho. Wekulo akakitupa mtoni, akanyamaza. Mazishini alinyamaza. Baada ya arobaini akapanda basi la Nairobi, na tangu siku hiyo hajaunda kitu cha kuelea. Mwoga, kwa neno moja, na mwenyewe anajua.

Miaka kumi na tisa ikapita. Mjane wa Opicho, Triza, naye alishakuja mjini, akamlea binti yake Marion kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Umoja. Katika mvua za masika zilizopita, alimwita Wekulo amtengenezee mlango.

“Shemeji, huu mlango umenishinda,” alisema. “Mwezi jana ulikuwa unafungika poa kabisa. Nani ameuharibu?”

“Hakuna aliyeuharibu, mama Marion. Ni mvua. Mbao ikinywa maji inafura.”

Akasikia alichokisema. Randa ikasimama mkononi. Triza akamwuliza kama anaumwa, na Wekulo, akiwa bado amepiga magoti pale kizingitini, akaanza kusema. Alisema yote: Januari, vidole viwili, nyundo, kichwa cha kigingi. Alidhani atatukanwa, au atarushiwa sufuria, na kwa kweli alitamani. Mtu akishatukanwa hujua walau amelipa kitu.

Triza alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaitazama ngozi ya mikono yake.

“Hakuwa amelewa?”

“Hakuwa.”

“Krismasi ile aliniapia ameacha pombe. Aliniapia akiwa amemshika Marion. Siku ya kumzika walinipa udongo nimtupie. Nilikataa. Nilimwambia mbele ya watu wote, nenda na uongo wako.”

“Nisamehe, shemeji.”

“Nikusamehe wewe?” Hakupaza sauti. “Marion nimemlea hivyo. Kila akiuliza, namwambia baba yako alikuwa muongo. Hana hata picha yake, nilizichoma.”

Wekulo alitaka kusema yeye ndiye wa kulaumiwa, si Triza, lakini maneno hayo yalifaa miaka kumi na tisa iliyopita. Mzigo alioubeba alidhani angeutua. Kumbe alikuwa ameuhamishia kwenye mabega ya mwanamke ambaye asubuhi ile aliamka akiwa na haki ya kukasirika.

“Kumbe aliacha,” Triza alisema, akarudia tena na tena, “kumbe aliacha kweli,” na hakuwa akisema na Wekulo.