Kofia ya Kufuli la Pantoni

Mwinjuma wa Ruvu alikuwa mtu wa kucheka, ila kufuli la pantoni hukulitania mbele yake ukabaki salama. Serikali ilimkabidhi kivuko kile cha kuvutwa kwa kamba, na mnyororo wa kukifungia gatini, naye akalitunza kufuli kama mboni ya jicho. Alilishonea kofia ya mpira wa baiskeli ili mvua isiingie tunduni. Kila Ijumaa alilipaka mafuta ya nyonyo kwa unyoya wa kuku. Na wakija mafundi rangi alilivua akaenda nalo nyumbani, maana mafundi, alisema, hawana macho, wana brashi tu. Mkewe Biasha alilalamika kwamba yeye hajashonewa kofia hata moja.

Mwaka ule mafundi walikuja siku moja kabla ya harusi ya binti yao, Mwamvita. Nyumba imejaa wageni, Mwinjuma anahangaika na mbuzi wa pilau, kufuli akalisahau mnyororoni. Fundi mmoja, Maneno, alikuwa Mnyamwezi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani huchukua cha mtani wake wala hashitakiwi. Maneno akaivua ile kofia, akaibandika utosini, akazunguka nayo kijijini watu wakivunjika mbavu. Huku nyuma mwenzake akapaka rangi nguzo, mnyororo na kufuli, bila kubagua.

Asubuhi bwana harusi, Salehe, akatokea ng'ambo na watu wake na ngoma zao. Mwinjuma akatia ufunguo, haukuingia hata ncha. Tundu lilijaa rangi ya kijani iliyokwisha kauka. Akamwagia mafuta ya taa, akachokoa, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Wapi! Ng'ambo ngoma zikaanza kupoa.

Maneno akaja mbio, kofia bado kichwani. "Nimekosa, mtani."

"Hujakosa. Utani ni haki yako," akajibu Mwinjuma, na jinsi alivyotamani kumzaba kofi Mungu ndiye ajuaye.

Biasha akafika amejifunga kibwebwe, nyundo mkononi. "Baba Mwamvita, mwanao analia ndani. Anadhani hawaji tena kumchukua."

Mwinjuma akalipapasa kufuli, akafumba macho, akalipiga mpaka likaachia. Lilimuuma, tusidanganyane.

Ndoa ikafungwa, pilau likaliwa, na alasiri akawavusha maharusi kwa mkono wake. Alikuwa na maneno mengi ya kumuusia mkwewe, akawa anayapanga huku akivuta kamba. Katikati ya mto mvua ikashuka ghafla. Salehe hakungoja kuambiwa. Alivua joho lake jipya, akamfunika Mwamvita gubigubi, mwenyewe akabaki analowa na kucheka.

Mwinjuma aliporudi, Biasha na Maneno walikuwa bado wanamngoja gatini, mvuani.

"Vipi, wamefika?" akauliza Biasha.

"Wamefika. Yule kijana anajua kutunza."

Kisha akaichukua kofia ya kufuli kutoka kichwani kwa Maneno, akaikung'uta maji, akamvisha mkewe.